Dakika Tano, Saa Mbili: Muda Unampa Nini Binadamu Mbele ya Kompyuta

Julai 1998, katika kisiwa cha Ischia nchini Italia, Viswanathan Anand wa India alicheza michezo minane ya sataranji dhidi ya Rebel 10, programu iliyotungwa na Mholanzi Ed Schröder na kuendeshwa kwenye kompyuta ya kawaida ambayo mtu yeyote angeweza kuinunua dukani. Michezo hiyo iligawanywa mafungu matatu. Minne ilikuwa ya haraka, ya dakika 5 kwa kila upande na nyongeza ya sekunde chache. Miwili ilikuwa ya dakika 15, na miwili ya mwisho ilipewa muda kamili wa mashindano: saa 2 kwa hatua 40 za kwanza. Anand alilala 3–1 kwenye ile ya haraka, akapoteza 1.5–0.5 kwenye ile ya kati, kisha akashinda 1.5–0.5 alipopewa saa mbili. Jumla ikawa Rebel 5, Anand 3.

Michezo minane ni michache mno kuthibitisha jambo lolote kwa takwimu, na sitaitegemea peke yake. Hata hivyo ni vigumu kupata mfano mwingine uliopangwa vizuri namna hii: mtu ni yuleyule, programu ni ileile, kilichobadilika ni saa. Na muda ulipofika saa mbili, binadamu alipanda kutoka kuchapwa hadi kushinda. Kwa miaka mingi wapenzi wa sataranji waliisoma hali hiyo kama kanuni: mpe bingwa muda wa kutosha, ataishika kompyuta. Kanuni hiyo ilikuwa na ukweli wake, lakini ilidumu muda mfupi kuliko walivyotarajia, na sababu ya kukoma kwake haiko kwenye kasi ya mitambo peke yake. Iko pia kwenye kile ambacho muda humfanyia mtu anapokaa mbele ya ubao.

Saa ya sataranji ni kifaa chepesi chenye nyuso mbili na vitufe viwili. Ukimaliza hatua yako unabonyeza, ya kwako inasimama, ya mwenzako inaanza kutembea. Kwenye drafti la kijiweni hakuna kifaa hicho. Kelele za watazamaji zinatosha kumwamsha anayezubaa. Kwa wanaolipwa kucheza, muda ni mali kama zilivyo kete: ukikuishia umeshindwa, hata kama ubaoni ulikuwa unaongoza. Haki inataka pande zote mbili zipewe dakika zilezile. Tatizo ni kwamba dakika moja ya mtu na dakika moja ya kompyuta hazinunui bidhaa moja.

Tuchukue Deep Blue, mtambo wa IBM uliomshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov mjini New York mwezi Mei 1997. Ulikuwa ukipima mikao ya kete takriban milioni 200 kwa sekunde. Hatua 40 kwa saa 2 ni wastani wa dakika 3 kwa hatua, yaani mikao bilioni 36 kabla ya kusogeza kete moja. Tuufikirie sasa mtambo huohuo kwenye mchezo wa dakika 5. Kila hatua inapata sekunde 7 na nusu, na mikao inashuka hadi bilioni 1.5. Kwa haraka haraka utasema umenyang'anywa karibu kila kitu, maana umebakiwa na sehemu moja kati ya 24. Lakini njia za sataranji hugawanyika kila hatua. Katika mkao wa kawaida kuna hatua halali thelathini na kitu, na hata kwa ujanja wa kukata njia zisizo na maana, kusogeza upeo mbele kwa hatua moja ya upande mmoja kulizidisha kazi ya mitambo ya wakati ule karibu mara 6. Kupunguza kazi mara 24, kwa hiyo, kunaunyima mtambo chini ya hatua mbili za kutazama mbele. Kama ulikuwa ukiona hatua 12, sasa unaona 10 na ushei. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kuonyesha jambo lenyewe: ndani ya hatua hizo 10 bado hakuna mtego unaoupita.

Ken Thompson, aliyeshiriki kuunda mashine ya Belle, alikwishapima mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba kila hatua moja ya ziada ya kutazama mbele iliipa programu ya wakati ule kama pointi 200 za uwezo. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kuwa faida hiyo hupungua kadiri upeo unavyozidi kwenda mbali. Maana yake kwa suala letu ni kwamba kompyuta ya mwaka 1977 iliumia sana ilipopunguziwa muda, na ya mwaka 1997 haikuumia sana.

Kuna hila nyingine ambayo mtazamaji haioni. Programu hufikiri pia kwenye muda wa mpinzani. Ikishacheza, hubashiri jibu lako, kisha huanza kulifanyia kazi huku saa yako ndiyo inayokimbia. Ukitumia nusu saa kutafakari halafu ukacheza kile ilichokibashiri, umeipa nusu saa ya bure. Bingwa naye hufikiri mpinzani anapofikiri, lakini yeye husimama, huenda maliwatoni, hunywa chai, huutazama ubao kwa macho yaliyochoka.

Upande wa binadamu, hesabu haifanani kabisa. Adriaan de Groot, mwanasaikolojia wa Kiholanzi ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji mzuri, aliwachunguza mabingwa kabla na wakati wa Vita Vikuu vya Pili, akagundua kwamba hawakutofautiana na wachezaji wa kawaida kwa wingi wa hatua walizozitazama mbele. Walitofautiana katika kuiona hatua nzuri mapema, kwa sababu mkao ulikuwa na sura waliyoizoea. Mwaka 1996 Fernand Gobet na Herbert Simon waliipeleka hoja hiyo mbele zaidi. Walichukua michezo ya Kasparov dhidi ya timu za taifa, ambako alipambana na wachezaji kadhaa wenye nguvu kwa mpigo, hivyo kila ubao ulipata sehemu ndogo tu ya muda wake. Uwezo wake ulishuka kwa pointi 100 hivi. Kwao hilo lilikuwa thibitisho kwamba nguvu kubwa ya bingwa iko kwenye kutambua, na kwamba kutambua hakuhitaji dakika nyingi.

Christopher Chabris na Eliot Hearst walilijibu jambo hilo mwaka 2003 kwa kutumia kompyuta kuhesabu makosa mabaya katika michezo ya magrandimasta. Waliyakuta mengi zaidi kwenye michezo ya kasi kuliko kwenye ile ya muda mrefu. Cha kushangaza, wachezaji walewale walipocheza kwa kasi bila hata kuuona ubao, makosa hayakuongezeka kwa kiasi cha kutajika.

Watafiti wa pande hizi mbili wamebishana sana, lakini nikiyaweka matokeo yao mbele ya kompyuta sioni ugomvi. Bingwa aliyeharakishwa habadiliki kuwa mchezaji wa kawaida. Mipango yake bado ni ya bingwa. Anachopoteza ni ukaguzi, zile sekunde za kurudi kujiuliza kama farasi wa mpinzani hana mruko wowote wa ajabu. Mbele ya binadamu mwenzake hasara hiyo haionekani, kwa kuwa naye ameruka ukaguzi uleule. Wawili hawa huporomoka pamoja, na jedwali la matokeo halibadiliki. Ni mpaka umkalishe mbele ya mpinzani asiyeporomoka ndipo unaona bingwa wa dakika 5 yuko chini kiasi gani ya nafsi yake ya saa 2. Kompyuta, bila kukusudia, ikawa mizani ya kwanza iliyoweza kupima hilo.

Ndiyo maana ngome za binadamu zilianguka kwa mpangilio wa saa, kuanzia ile fupi. Mwaka 1977 Michael Stean wa Uingereza alipoteza mchezo wa dakika chache dhidi ya Chess 4.6, programu ya Chuo Kikuu cha Northwestern, akawa grandimasta wa kwanza kushindwa na kompyuta. Mwaka uliofuata, mjini Toronto, toleo jipya la programu hiyohiyo lilikutana na David Levy, bwana wa Kiskoti ambaye miaka kumi nyuma alikuwa ameweka dau na wataalamu wa kompyuta kwamba hakuna programu itakayomshinda ndani ya muongo mmoja. Levy hakuwa na cheo cha Stean. Lakini alicheza kwa muda wa mashindano, na alijua la kufanya: kutulia, kuufunga ubao, kuiacha mashine ijikoroge yenyewe kwa kukosa mpango. Alishinda 3.5–1.5 na kuchukua fedha zake. Mtu wa daraja la chini akaibwaga programu iliyokuwa imemwangusha wa daraja la juu, tofauti kubwa kati yao ikiwa ni saa.

Miaka ya 1990 hadithi ikajirudia kileleni. Mei 1994 mjini Munich, programu ya Fritz 3 iliingizwa kwenye mashindano ya michezo ya dakika 5 yaliyojaa majina makubwa, ikamfunga Kasparov na kumaliza naye sawa juu ya jedwali. Kasparov alikasirika, akadai mchuano wa kuamua, akaishinda 4–1. Agosti mwaka huohuo, London, kwenye michezo ya dakika 25, Chess Genius ya Richard Lang ilimtoa Kasparov mashindanoni kwa 1.5–0.5. Baadaye ikakutana na Anand, ikachapwa 2–0. Nalitaja pambano hilo la Anand makusudi, kwa sababu wengi wanaosimulia habari hizi hulifunika. Kanuni ya saa haikuwa ya chuma. Mwenye kipaji cha kuona haraka, na Anand alisifika kwa hilo kuliko wote wa kizazi chake, angeweza kuivunja siku yoyote.

Muda wa mashindano ndio ulikuwa ngome ya mwisho. Deep Thought, mtangulizi wa Deep Blue, ilimfunga Bent Larsen wa Denmark mwaka 1988 kwenye mashindano ya Long Beach, Marekani. Hata hivyo mwaka uliofuata Kasparov aliichapa mara mbili mjini New York, kila upande ukiwa na dakika 90. Februari 1996, Philadelphia, Deep Blue ilishinda mchezo wa kwanza, lakini Kasparov akamaliza 4–2. Ukimsoma kwa makini utaona alivyoutumia muda wake: baada ya kuumia, aliyahama mapambano ya wazi, akatafuta mikao ya polepole ambamo wingi wa hesabu haukusaidia sana. Muda mrefu ulimpa nafasi ya kuchagua aina ya vita. Kwenye dakika 5 huchagui, unapokea.

Halafu ikaja 1997, na ndani yake mchezo wa pili, uliochezwa Mei 4. Katika hatua ya 36, Deep Blue ilikuwa na njia ya kupenya na malkia na kujikusanyia askari. Programu zote za wakati ule zilikuwa na uroho wa namna hiyo, na Kasparov aliutegemea. Mashine haikucheza. Ilinyamaza kwa muda mrefu kuliko desturi yake, kisha ikabadilishana askari pembeni na, hatua iliyofuata, ikamweka askofu katikati ya ubao ili kuziba kila upenyo wa mpinzani. Ilikuwa hatua ya mtu mzima anayejua kusubiri. Kasparov alishuku kwamba kuna binadamu nyuma ya pazia.

Feng-hsiung Hsu, mhandisi mkuu wa mtambo huo, alieleza baadaye kilichotokea. Programu ilikuwa na utaratibu wa dharura: thamani ya hatua iliyokuwa ikiipendelea ikianza kushuka, inajiruhusu kula muda zaidi kutafuta mbadala. Thamani ilishuka, ikajiongezea muda, ikapata mbadala. Huu ndio mfano bora ninaoujua wa saa kuzaa kitu kinachofanana na busara. Kwenye mchezo wa dakika 5 muda huo wa dharura usingekuwepo, na pengine malkia angepenya. Kanuni iliyoaminiwa kuwa kinga ya binadamu ikawa imeipa mashine nafasi ya kusita.

Na kusita kule kulimvuruga Kasparov kuliko hatua yenyewe. Alikubali kushindwa kwenye mkao ambao wachambuzi, kabla siku haijapita, walionyesha kwamba ulikuwa na njia ya sare. Hakuitafuta sana, kwa sababu aliamini kwamba mpinzani aliyecheza vile asingeacha mlango wazi. Muda unasaidia pale tu unapoamini kuna kitu cha kutafuta.

Mchezo wa sita wa mechi ile uliisha kwa hatua 19. Ulichezwa Mei 11, siku moja baada ya mchezo wa tano, bila mapumziko kati yao. Hapa tunafikia sehemu ya suala hili ambayo mara nyingi husahauliwa: kuna muda wa saa, na kuna muda wa kalenda. Saa 2 kwa hatua 40, kisha saa nyingine kwa hatua 20, kisha kipande cha mwisho, ni kikao kinachoweza kufika saa sita au saba. Kwa binadamu, kila dakika ya ziada ya kufikiri ni dakika ya ziada ya kuchoka, na uchovu huo haufutiki usiku mmoja. Mchezo mrefu humpa ukaguzi asubuhi na kumnyang'anya jioni. Walioandaa mechi zilizofuata walilielewa hilo. Bonn mwaka 2006, katika mechi nitakayoifikia baadaye, michezo yote sita iliachanishwa kwa siku moja ya kupumzika.

Manama, Bahrain, Oktoba 2002, ndiko uchovu ulikoonekana wazi zaidi. Vladimir Kramnik, bingwa aliyemvua Kasparov taji, alikutana na Deep Fritz kwa michezo minane ya muda mrefu. Alikuwa amepewa programu aisome kabla ya mechi, akajua inachukia nini: kubadilishana malkia mapema na mikao mikavu. Baada ya michezo minne aliongoza 3–1. Katika wa tano, baada ya kujihami kwa saa nyingi, alimpoteza farasi kwa kosa ambalo mwenye cheo chake halifanyi. Katika wa sita alimtoa farasi sadaka kwa shambulizi la kupendeza macho, mashine ikalihimili, ikashinda. Miwili iliyobaki ikawa sare, na mechi ikaisha 4–4. Anayetazama matokeo pekee atasema walitoshana nguvu. Anayetazama mpangilio wake ataona mtu aliyekuwa bora kwa michezo minne na mtu aliyechoka kwa miwili.

Baada ya hapo mteremko ulikuwa mkali. Juni 2005, London, Michael Adams, mmoja wa wachezaji kumi bora duniani, aliambulia sare moja katika michezo sita dhidi ya Hydra, mtambo uliokuwa umewekwa Abu Dhabi. Novemba 21 mwaka huohuo, Bilbao, Ruslan Ponomariov wa Ukraine aliifunga Fritz kwa muda wa mashindano. Kwa kadiri kumbukumbu za mchezo zinavyoonyesha, huo ndio ushindi wa mwisho wa binadamu wa aina hiyo dhidi ya programu ya kileleni.

Kisha Bonn. Novemba 27, 2006, mchezo wa pili, Kramnik tena, na tena Deep Fritz, safari hii ikipima mikao milioni 8 hivi kwa sekunde, sehemu ndogo tu ya kasi ya Deep Blue. Kramnik, akiwa na kete nyeusi, alikuwa na mkao mzuri. Katika hatua ya 34 alimsogeza malkia wake kwa utulivu, akasimama, akachukua kikombe chake, akaanza kuondoka jukwaani. Fritz ikamtua malkia mbele ya mfalme wa Kramnik, kwenye h7, akilindwa na farasi aliyekuwa f8. Mati. Hatua moja tu, ile anayofundishwa mtoto wiki ya kwanza.

Hakuwa mtu anayekimbizwa na saa. Alisema baadaye kwamba alikuwa ameikagua njia ile mara kadhaa. Wengi walicheka, wengine wakaita kosa la karne. Mimi naliona kama tukio linaloeleza suala zima kuliko mechi yoyote ile. Farasi akiwa f8 akimlinda malkia wa h7 si sura ambayo bingwa huiona mara kwa mara; mati za h7 huja kwa askofu wa mbali au farasi wa g5. Kama nguvu ya bingwa ni kutambua sura, basi sura isiyokuwemo kichwani haitaibuka kwa kuongezewa dakika 10. Utaukagua mkao mara tatu kwa macho yaleyale na kuiruka mara tatu. Programu haina sura ya kuzoea wala kutozoea. Inapita kila hatua halali, na hiyo ilikuwa mojawapo.

Hapo ndipo napata jibu la kwa nini kanuni ya Ischia ilikufa. Muda ulimsaidia binadamu kwa mambo mawili: kukagua makosa yake, na kupanga mbali kuliko upeo wa mashine. La pili lilipotea pale upeo ulipoipita mipango yenyewe, na pale watunzi walipozifundisha programu kuthamini mikao vizuri zaidi. Likabaki la kwanza, nalo lina kikomo kilichojengwa kichwani mwa mtu. Kama kuna anayedhani kasi ya mitambo ndiyo maelezo yote, na amtazame Pocket Fritz 4. Mwaka 2009, mjini Buenos Aires, programu hiyo ya simu ya mkononi ilipata pointi 9.5 kati ya 10 dhidi ya wachezaji wenye vyeo, ikipima mikao isiyofika 20,000 kwa sekunde. Ilikuwa ndogo mara elfu kumi kuliko Deep Blue kwa kasi, na muda wa mashindano haukuwasaidia wapinzani wake chochote.

Kuna mfano mmoja unaokwenda kinyume, nao ni wa kuburudisha. Mwaka 2008 Hikaru Nakamura wa Marekani alicheza na Rybka, programu bora ya wakati ule, mchezo wa dakika 3 kwenye intaneti. Alitoa kete zenye thamani ili kuufunga ubao kabisa, kisha akaanza kusogeza kete huku na huko bila lengo. Rybka ilihesabu kwamba inaongoza, maana ilikuwa na kete nzito zaidi. Lakini kanuni inasema zikipita hatua 50 bila kete kuliwa wala askari kusogezwa, mchezo unaweza kuwa sare. Kila mara hatua hizo zilipokaribia kutimia, programu ilikataa sare na kusogeza askari, ikiubomoa ukuta wake kwa mikono yake. Mchezo ulifika hatua 271. Nakamura alishinda, na kwa dhihaka akawageuza askari wake kuwa maaskofu watano badala ya malkia. Kasi haikumdhuru kwa kuwa hakukuwa na cha kukagua: ubao ulikuwa umefungwa, mitego haikuwepo, kazi ilikuwa ya kidole. Watunzi wakaziba udhaifu huo, na dawa ile haikufanya kazi tena.

Wakati huohuo watu walijaribu kumrudishia binadamu kwa saa kile alichokipoteza kwa nguvu. Mwaka 2007 Rybka ilikutana mara mbili na Jaan Ehlvest wa Estonia. Katika mechi ya pili Ehlvest alipewa mrundo wa faida, ya muda ikiwemo, pamoja na kucheza kete nyeupe kila mara. Alishindwa 4.5–1.5. Upande wa pili wa kipimo, Arno Nickel wa Ujerumani, bingwa wa sataranji ya barua, aliifunga Hydra michezo miwili iliyodumu miezi. Kwa mtazamo wa kwanza hilo linaitetea saa: mpe mtu miezi, atashinda. Lakini Nickel alikuwa na kompyuta zake mezani. Alichofanya kwa miezi hiyo ni kuzielekeza, kuzitilia shaka, kuzipeleka kwenye njia ambazo zenyewe zingeziacha. Muda ule ulikuwa na thamani kwa sababu ukaguzi alishaukabidhi kwa mashine. Leo hata pengo hilo limezibika. Kwenye mashindano makubwa ya barua, ambako kompyuta zinaruhusiwa, karibu kila mchezo ni sare.

Hata mashine kwa mashine zimegombana kuhusu saa. AlphaZero ya kampuni ya DeepMind ilipoichapa programu ya Stockfish mwaka 2017, malalamiko ya kwanza ya wataalamu yalikuwa kuhusu dakika 1 iliyotengwa kwa kila hatua. Stockfish ilikuwa imetungwa ijigawie muda wake, iharakishe penye wepesi na kukaa penye ugumu. Kwa dakika 1 isiyobadilika ilipokonywa ustadi huo. Jaribio lililochapishwa mwaka uliofuata lilitumia saa 3 na nyongeza ya sekunde 15 kwa hatua, na AlphaZero ikashinda vilevile.

Kompyuta nazo zimeigeuza saa ya binadamu wenyewe. Zamani mchezo mrefu uliweza kuahirishwa hadi kesho, mchezaji akaandika hatua yake na kuifungia kwenye bahasha. Programu zilipokuwa na nguvu, kuahirisha kukawa sawa na kumruhusu kila mtu aende hotelini kuiuliza mashine, na desturi hiyo ikafutwa katika miaka ya 1990. Maandalizi ya kompyuta yakaifanya michezo mirefu kati ya mabingwa iishe kwa sare nyingi: mwaka 2018, London, Magnus Carlsen na Fabiano Caruana walitoka sare michezo yote 12 ya kuwania taji la dunia, na ikabidi waamuliwe na michezo ya kasi, ambako Carlsen alishinda 3–0. Watu wanakimbilia saa fupi kwa sababu ileile iliyowaangusha mbele ya mashine. Huko makosa yapo, na penye makosa kuna mshindi. Tovuti za sataranji nazo hutazama muda wa kila hatua kuwasaka wadanganyifu: anayetumia sekunde zilezile kwa hatua iliyo wazi na kwa hatua ngumu anatiliwa shaka, kwani mtu halisi husita penye ugumu.

Mechi za sawa kwa sawa zimekwisha. Kilichobaki ni za kupunguziana, ambamo kompyuta huanza ikiwa na kete pungufu. Mwaka 2016 Nakamura alicheza na programu ya Komodo michezo minne ya dakika 45, akipewa faida tofauti kila mmoja: alitoka sare mitatu, akapoteza wa nne. Siku hizi kuna toleo la programu ya Leela linalocheza bila farasi mmoja, tena na mabingwa, kwenye tovuti ya Lichess. Farasi mzima ni faida ambayo kati ya mabingwa wawili ingemaliza mchezo kabla haujaanza. Lakini kwa dakika 3, magrandimasta hupoteza michezo mingi wakiwa na farasi wa ziada, kwa kuwa Leela huwawekea mtego mmoja baada ya mwingine, na mtego mmoja usiokaguliwa unatosha. Wakipewa muda mrefu zaidi, hali yao hubadilika. Hubadilishana kete taratibu na farasi anaanza kuonekana. Anayetaka kuonja Ischia ya 1998 kwa mikono yake anaweza kufungua Lichess jioni hii na kucheza na Leela michezo kadhaa ya dakika 3, kisha kadhaa ya dakika 15.